Moto mmoja, sambusa sabini na mbili

Mwezi huu ukurasa wa jikoni umeangukia mikononi mwangu, mimi mwalimu wa kujitolea wa darasa la nne, na najua wamama wengi mtasema: mwalimu naye anajua nini cha jikoni? Subirini kidogo. Mengi mtakayosoma hapa ni ya mama yangu mdogo anayepika Nakasero, Kampala. Kazi yangu mimi ilikuwa kukata vitunguu, kushika daftari na kuhesabu.

Kilichonipeleka huko kumwuliza ni jambo moja. Darasani kwangu, ikifika saa nne asubuhi, nusu ya watoto hawasikii tena ninachofundisha, wanaangalia mlango tu. Sababu tunaijua wote. Tangu Julai 2023 mgao wa chakula ulikatwa kwa makundi matatu: wengine asilimia 60, wengine 30, wengine hakuna kabisa. Mei 2025 karibu watu milioni moja hapa Uganda wakatolewa kwenye orodha. Kila nyumba hapa Nakivale inajua yenyewe ilisimama wapi. Na hata penye unga, makaa yanakuwa shida, maana makaa nayo yana bei yake. Mzazi anawasha jiko mara moja kwa siku, jioni, na asubuhi mtoto anatoka na maji tumboni.

Kwa hiyo nilikuwa natafuta chakula cha namna hii: kinapikwa kwa wingi kwa moto mmoja, kinashikwa mkononi, hakitaki sahani wala kijiko, na mtoto wa miaka minane anaweza kukibeba bila kumwaga.

Nakasero, kwa wasiopajua, ni kilima kimoja cha Kampala, katikati kabisa ya mji. Juu kuna Ikulu, balozi, hoteli kubwa na nyumba za wenye nazo, miti mingi na ukimya. Chini, mguuni pa kilima, kuna soko la Nakasero, na hapo ukimya umekwisha. Mama mdogo anapika kwenye nyumba moja ya huko juu, na analala kachumba ka nyuma. Matajiri wake mara nyingi wanasafiri mwisho wa juma, na wakisafiri wanamwachia kazi moja: ajaze friza pai za nyama za wiki nzima. Akimaliza, jiko ni lake mpaka Jumapili jioni. Nilifika wakati wa likizo ya shule, nikakuta ni mwisho wa juma wa namna hiyo.

Ijumaa tulishuka sokoni, lakini siyo asubuhi. Asubuhi soko la Nakasero ni la wenye hoteli na wenye magari. Nyanya zimepangwa kama mayai, karoti zimeoshwa mpaka zinang'aa, na bei nayo imeoshwa. Mama mdogo anashuka saa kumi na moja jioni, wakati wenye mboga wanaanza kuangalia mbingu na kufikiria safari ya nyumbani. Hapo fungu linakuwa kubwa, na ile nyanya laini ambayo kesho haitauzika inakuja bure juu yake. Nyanya laini kwa mchuzi ni bora kuliko ngumu, haina shida. Karoti iliyovunjika ni karoti. Kabichi iliyochubuka majani ya nje, unayatoa, ndani ni nzima. Na neno la Kiganda linalofaa kuliko yote sokoni hamna haja ya kujifunza, kwa sababu ni lile lile letu: nyongeza.

Vitu vikavu hakununua pale hata kimoja. Unga, maharage, dagaa na chumvi tulivifuata Owino, soko ambalo jina lake rasmi ni la Mtakatifu Balikuddembe, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Nakasero, unateremka tu. Nilimwuliza kwa nini asinunue vyote Owino basi, maana ndiko kwenye bei ya watu. Akasema mboga za jioni za Nakasero ni nzuri kwa sababu zilichaguliwa asubuhi kwa ajili ya matajiri. Sisi tunakula walichokiacha, na walichokiacha ni kizima. Nikaandika kwenye daftari.

Jumamosi ilikuwa siku ya pai za wenye nyumba. Nawaeleza haraka kwa sababu siyo za kwetu. Unga kilo mbili, siagi kilo moja nzima, chumvi, maji ya baridi. Siagi inasuguliwa ndani ya unga kwa ncha za vidole mpaka inakuwa kama chenga, halafu maji kidogo kidogo, bila kukanda sana, kisha donge linapumzika kwenye friji. Nyama ya kusaga inapikwa na kitunguu, karoti na njegere mpaka mchuzi unakauka kabisa, inaachwa ipoe. Unakata miduara, unajaza, unakunja, unabana kingo kwa uma. Tulitoa pai 40. Zile 32 zilikwenda friza zikiwa mbichi, zimepangwa kwenye trei. Nane zikaingia oveni, nusu saa, zikatoka na rangi ya dhahabu. Ni tamu, siwezi kudanganya. Wachimba madini wa Cornwall huko Uingereza walikuwa wanashuka shimoni na pai za namna hii mfukoni kama chakula cha mchana, na nilipoishika moja mkononi nilielewa kwa nini.

Lakini hebu tuhesabu. Siagi kilo moja. Oveni ya umeme. Friji, halafu friza. Ukitoa hivyo vitu vinne, mpango wote wa "pika mara moja ule wiki nzima" unaanguka. Na hili nataka tulielewe vizuri, kwa sababu nimesikia watu hapa wakishauriana kupika Jumapili na kula mpaka Alhamisi. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya masaa mawili. Ama kikae cha moto kabisa, zaidi ya nyuzi 60, ama kwenye baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo vijidudu vinaongezeka haraka, na vingine vinaacha sumu ambayo hata ukipasha tena haitoki. Nyama, maharage, viazi vilivyopondwa, wali, vyote vimo. Kuhara kwa mtoto mdogo kunagharimu kuliko makaa.

Nikamwuliza: "Mama mdogo, na sisi kule tusio na friza?"

Alikuwa anaosha trei. Akasema bila kugeuka: "Kule friza ni tumbo la jirani, mwanangu."

Nilicheka. Baadaye usiku, na daftari mbele yangu, niliona kwamba ndiyo hesabu yenyewe. Nitarudi hapo. Kwanza sambusa.

Jumapili baada ya misa jiko lilikuwa letu, lakini Mama mdogo alikataa kugusa jiko la umeme. Alitoa sigiri yake uani (sisi wa Kivu tunasema mbabula), akawasha makaa, akasema kama tunataka kujua jambo la kule tupime kwa moto wa kule. Nampenda kwa hilo.

Tulitumia kilo moja ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi, vijiko viwili vikubwa vya mafuta, na maji zaidi kidogo ya nusu lita, siyo yote kwa mara moja. Unakanda mpaka donge linakuwa laini kama ndewe ya sikio, halafu unalifunika na kuliacha nusu saa. Msiruke hiyo nusu saa. Donge lisilopumzika linarudi nyuma kila ukilisukuma, unachoka bure.

Gawa vidonge 36, kila kimoja kama limau dogo. Sukuma kila kimoja kiwe kama sahani ya kikombe. Sasa ndiyo siri: paka mafuta juu ya kimoja, nyunyiza unga kidogo, weka kingine juu yake, paka, nyunyiza, mpaka vinne. Cha juu hakipakwi. Hivyo vinne unavisukuma pamoja kama chapati moja kubwa nyembamba. Unaviweka kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, upande huu kidogo, upande ule kidogo. Visiwe na rangi, tunataka vikauke tu. Ukivitoa, vikiwa bado vya moto, unavibandua kimoja kimoja. Vidole vitalia kidogo. Vinaachana kwa sababu ya ule mvuke na mafuta, unapata manda nne nyembamba ambazo huwezi kuzipata kwa kusukuma moja moja hata ukiwa na nguvu za fundi chuma. Kila manda unaikata katikati. Kwa hiyo mafungu 9 ya vidonge vinne ni miduara 36, na nusu zake ni 72. Zifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu kidogo, maana zikikauka zinavunjika.

Hapo kwenye kikaango kikavu ndipo makaa yanapookolewa. Moto mdogo unatosha, na kazi inaisha haraka kwa sababu unapika nne kwa wakati mmoja.

Wakati tunabandua, Mama mdogo alinisimulia habari za maduka ya viungo ya Wahindi yaliyo karibu na soko. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Wakaondoka maelfu kwa maelfu na masanduku machache, wengi wakaishia Uingereza na Kanada. Maduka yakabaki, nyumba zikabaki. Na chapati na sambusa zikabaki, zikawa za Waganda kabisa, leo zinauzwa kila kona mpaka kijijini, na siku hizi kuna za njegere na hata za wali. Miaka ya 1990 wengine wakarudi na kufungua tena. Mimi niliposikia hivyo nikafikiria mambo yangu mengine, lakini manda zilikuwa zinapoa ikabidi tuendelee.

Kujaza sasa. Tulijaribu aina tatu, zote bila nyama.

Ya kwanza ni maharage. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya. Yachemke kweli kweli nusu saa, msiyaache yakichemka kwa uvivu, maana maharage mabichi-mabichi yana sumu inayoumiza tumbo. Baada ya hapo Mama mdogo alitoa sufuria motoni ikiwa na mfuniko wake, akaifunga kwa blanketi la zamani, akaitia kwenye kikapu kilichojazwa majani makavu ya mgomba. Masaa matatu. Yakaendelea kuiva yenyewe bila makaa hata moja. Yakarudi motoni yakachemka tena kidogo tu, yakawa laini, tukayaponda na kitunguu cha kukaangwa, chumvi na pilipili kidogo. Wengine mnaijua hii ya kikapu, bibi zetu waliijua. Sijui kwa nini tumeiacha.

Ya pili ni dagaa na viazi. Waganda wanaita mukene, watu wa Uvira wanasema ndagala, wa Goma na Bukavu watakumbuka sambaza zao, ingawa ni samaki wengine. Toa vichwa, osha mara tatu kwa sababu ya mchanga, kausha kwenye kikaango bila mafuta mpaka wanatoa harufu nzuri, twanga nusu nusu. Changanya na viazi vilivyochemshwa na kukauka vizuri, kitunguu kibichi kilichokatwa kidogo kidogo, na majani ya kitunguu. Mtoto hajui kama amekula dagaa na mifupa yao, na hiyo mifupa ndiyo tunayoitaka.

Ya tatu, kabichi na karoti, ilitoa maji. Kama unaitaka, ikaange mpaka maji yaishe kabisa, halafu uiache ipoe. Kwa jumla sheria ni moja: kitu kinachoingia ndani ya manda kiwe kikavu na kimepoa. Chenye maji kinapasua sambusa ndani ya mafuta, na mafuta yanayorukia mkono siyo mchezo.

Kukunja nitaeleza kwa maneno ingawa ni kazi ya macho. Chukua nusu duara, paka uji mzito wa unga na maji kwenye ule ukingo ulionyooka, kunja iwe kama karatasi ya karanga, bana, jaza kijiko kimoja, paka uji mdomoni, funga. Pembe zote tatu zibanwe. Wasomali, majirani zetu, wanaziita sambuus, na mwezi wa Ramadhani mtoto wao wa miaka kumi anakunja kuliko mtu mzima wa kwetu. Nendeni mkaangalie.

Kukaanga: lita moja ya mafuta kwenye karai. Tupia kipande kidogo cha manda, kikizama halafu kikapanda taratibu na mapovu, mafuta yako tayari. Kikipanda mara moja na kuungua, toa makaa mawili. Sambusa kumi kwa zamu moja, zaidi ya hapo mafuta yanapoa na sambusa inayanywa. Tulipomaliza zote 72 na mafuta kupoa, nilipima: yalikuwa yamepungua zaidi kidogo ya robo lita. Yaliyobaki yanachujwa kwa kitambaa, yanatunzwa kwenye chupa gizani, yanakaanga tena mara mbili tatu. Yakianza kutoa moshi mapema au kunuka, basi. Na tafadhali, watoto mbali na karai. Sigiri iwe chini sehemu isiyo njia, na siyo mlangoni.

Vile vipande vya kingo za manda vilivyobaki, vikatwe vijiti, vikaangwe mwisho mpaka viwe vikavu kabisa, chumvi kidogo. Hivyo ndivyo vinavyoweza kukaa siku kadhaa kwenye kopo lenye mfuniko, kwa sababu havina maji ndani. Ndiyo akiba pekee ya kweli iliyotoka katika siku ile.

Kwa wasiopenda mafuta mengi, au wazee walioambiwa na daktari wapunguze, kuna pai ya sufuria. Sufuria kubwa, mchanga mkavu vidole viwili chini, juu ya mchanga mawe matatu madogo, juu ya mawe sahani ya bati yenye pai. Funika kwa mfuniko wa bati, weka makaa ya moto juu ya mfuniko, na machache chini. Donge liwe la unga kilo moja na robo kilo tu ya mafuta ya mgando, litakuwa gumu kidogo kuliko la Nakasero lakini linashika. Nusu saa hivi, usifungue fungue. Inaiva vizuri, lakini inakula makaa kuliko sambusa, na hiyo ndiyo sababu mimi nimebaki na sambusa.

Haya, turudi kwenye tumbo la jirani.

Wakongo tunaijua likelemba. Watanzania wanasema upatu, Wakenya chama. Watu wanne wanatoa pesa kila mwezi, mmoja anachukua zote, mwezi ujao mwingine. Hesabu ya daftari langu ilikuwa hii. Nyumba moja haiwezi kula sambusa 72 kabla hazijaharibika. Ikipika 18 tu, inawasha makaa kwa ajili ya 18, na kama inataka mara nne kwa wiki, inawasha mara nne. Nyumba nne zikifanya hivyo kila moja peke yake, ni mioto 16 kwa wiki. Lakini nyumba moja ikipika 72 asubuhi moja na kugawia zote nne, na siku nyingine nyumba nyingine, ni mioto minne tu, na kila nyumba inakula mara nne. Unga kila nyumba inatoa kilo moja kwa wiki. Hakuna kinacholala. Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo ubaoni kabla sijawaambia wazazi, na aliyepata jibu kwanza ni mtoto ambaye hajawahi kunyoosha mkono tangu Januari.

Tulianza nyumba nne za mtaa wetu, tuna wiki tano sasa. Zamu ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa na Jumapili. Manda zinatengenezwa jioni ya jana yake, zikipoa kabisa zinafungwa kwenye kitambaa na kaveera safi, usiku mmoja zinavumilia. Maharage yanapikwa alfajiri yakitoka kwenye maji ya kulowekwa, au viazi ambavyo ni haraka zaidi. Saa kumi na mbili na nusu karai iko motoni. Na kwa sababu ya yale masaa mawili, darasani kwangu hatungojei mapumziko ya saa nne. Saa mbili kamili, kabla ya hesabu, mwenye sambusa anaila.

Na asiye nayo? Hili ndilo lililotusumbua, siwezi kulificha. Siku ya kwanza watoto wa nyumba nne walikula na wengine wakaangalia. Siku ile ile jioni wamama walikaa. Mmoja akasema 72 ukigawa kwa nne ni 18, lakini nani alisema lazima iwe 18? Ikawa 17 kila nyumba, na nne zinabaki, hizo zinakuja na mimi shuleni zimefungwa kwenye karatasi. Ninazikata nusu nusu. Ni watoto wanane. Darasa lina zaidi ya wanane wasio na kitu, kila mwalimu hapa anajua, lakini nane siyo sifuri.

Mabishano yalikuwepo. Nyumba moja ina watoto saba, nyingine wawili, na zote zinapata 17. Tulijadili mpaka usiku. Mama wa watoto saba ndiye aliyekata neno: nyumba ihesabiwe nyumba, yeye akitaka zaidi atachukua zamu mbili. Nyumba nyingine ni ya Waislamu, kwa hiyo nyama haimo kabisa ili asiwepo wa kuuliza imechinjwa na nani, na mpaka leo hakuna aliyeililia. Wiki ya tatu nyumba mmoja ilikosa unga. Tukakubaliana itoe kazi: kukunja zote za zamu mbili zinazofuata. Walikunja vizuri kuliko sisi.

Wengine wananiuliza kama tusiuze. Inawezekana, lakini andikeni kwanza. Chukua ukurasa mmoja, andika bei uliyonunulia unga, mafuta yaliyopungua (siyo lita nzima, yaliyopungua), kitunguu, viazi, chumvi, na makaa. Makaa watu wanayasahau kila mara, na tangu amri ya Rais ya mwaka 2023 iliyozuia uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini, siyo kitu cha kusahau. Jumlisha, gawa kwa 72. Hiyo namba ndiyo gharama ya sambusa moja kabla hujajilipa hata shilingi. Kama bei ya barabarani iko karibu nayo sana, unauza jasho lako bure, afadhali wale watoto.

Zamu ya Jumapili hii ni ya nyumba ambayo haina karai, tutapeleka la kwetu Jumamosi jioni. Nyumba tano za upande wa pili wa kisima zimesema nazo zinataka kuanza. Wanaotaka kuona jinsi ya kubandua manda waje darasani kwangu Jumamosi saa nane mchana, na kibao cha kusukumia na kitambaa safi. Unga kila mtu na wake. Makaa ya siku hiyo tumeshapata.